Vita vya Maji na Barua

Mtaani kwetu Mombasa, wazee waliowahi kuvaa sare ya Mwingereza walikuwa mafungu mawili, na sisi watoto tulijua nani ni wa fungu gani. Kwanza walikuwapo wazee wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, waliopelekwa Bama (Burma). Hao ndio waliokuwa na hadithi: mvua isiyokatika katika bonde la Kabaw, ruba ndani ya viatu, nyumbu waliozama tope hadi shingoni, Mjapani aliyejificha juu ya mti. Mzee wa Keya akianza kusimulia barazani, kahawa ilipoa vikombeni. Fungu la pili lilikuwa la babu yangu, na nadhani lilikuwa lake peke yake. Yeye alikuwa baharia. Tangu aandikishwe mwaka 1942 hadi alipovua sare hakwenda mbali kuliko mahali ambapo mnara wa Ras Serani ulikuwa bado waonekana. Ukimuuliza alifanya nini vitani, alikujibu bila kuona haya: "Twalipeka maji, mjukuu wangu. Maji na barua."

Watoto hawampi sifa mtu wa maji na barua. Tukamwacha, tukaenda kuwasikiliza wa Bama.

Nimesoma mengi tangu wakati ule kuhusu Kilindini ya miaka ya vita, na kila ninaposoma zaidi ndivyo jibu la babu linavyozidi kuniingia. Mombasa haikupiganiwa. Hakuna nyumba ya Mji wa Kale iliyoangushwa na Mjapani. Lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja mji huu ulikuwa nyumba ya kundi zima la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi. Na ndani ya skuli moja ya wavulana wa Kihindi, watu waliovaa sare za wanamaji walikaa mezani na penseli, wakaifanyia Japani madhara ambayo mizinga mingi haikuweza kuyafanya. Karibu wote waliotumika hapa, weupe kwa weusi, hawakufyatua hata risasi moja.

Twende Aprili 1942. Singapore ilikuwa imekwisha kuanguka tarehe 15 Februari. Kundi la manowari za kubebea ndege chini ya Admirali Nagumo likaingia Bahari ya Hindi, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, ndege zake zikaishambulia Colombo. Siku hiyo hiyo zikazamishwa manowari mbili za Uingereza, Cornwall na Dorsetshire. Tarehe 9 ikafuata Hermes, manowari ya ndege, karibu na pwani ya Ceylon, Sri Lanka ya leo. Admirali James Somerville, aliyeongoza Kundi la Mashariki, alikuwa na manowari kubwa tano. Warspite ilikuwa imefanyiwa matengenezo makubwa. Nne zilizobaki, Resolution, Ramillies, Royal Sovereign na Revenge, zilikuwa kuukuu tangu vita vya kwanza, nzito na za mwendo wa pole. Kuzipeleka mbele ya ndege za Nagumo ilikuwa kuwatoa watu kafara. Alizirudisha nyuma, magharibi kabisa mwa bahari, hadi kwetu.

Kilindini ya wakati huo ilikuwa bandari ya kahawa, pamba ya Uganda na magadi. Kina chake kilitosha manowari yoyote, lakini kina peke yake hakifanyi ngome. Manowari kubwa moja ilikuwa na watu zaidi ya elfu. Watu elfu wanakunywa, wanaoga, wanafua, wanakula mkate kila siku, wanaumwa meno, wanasubiri barua za wake zao. Na manowari hazikufunga gatini kama meli za mizigo. Zililala kwenye maboya katikati ya maji, kila kitu kikazifuata kwa matishari na mashua: nyama, viazi, mafuta, rangi, risasi, daktari, kasisi, mshahara. Maji matamu yalitoka Marere, kwenye Milima ya Shimba, yakaja kisiwani kwa bomba, lakini bomba liliishia nchi kavu. Kutoka pale hadi kwenye boya ilikuwa kazi ya watu kama babu.

Nimejaribu kuifikiria kazi yenyewe jinsi alivyokuwa akiieleza kidogokidogo, zaidi kwa mikono kuliko kwa maneno. Kusi inapovuma kuanzia Aprili, mlango wa bandari una mawimbi mafupi yanayopiga ubavuni. Bamvua ikiingia, maji hupanda zaidi ya mita tatu, na mkondo unaotoka ukikutana na upepo unaoingia, mashua hugeuzwa ukiwa bado una sukani mkononi. Kuileta tishari iliyojaa maji ubavuni mwa manowari bila kuikwaruza, huku serangi anafoka kutoka mbele na ofisa mmoja kijana anafoka kutoka juu, kila mmoja kwa lugha yake, ni ustadi. Babu aliujua mkondo wa Kilindini kwa rangi ya maji. Ofisa yule kijana alikuwa na chati nzuri sana ya Idara ya Bahari ya Uingereza, na bado alimsubiri babu aseme.

Kikosi alichoandikishwa kilikuwa cha Akiba ya Hiari ya Wanamaji wa Kenya, kilichoundwa hapa Mombasa mwaka 1933. Zanzibar na Tanganyika nazo zilikuwa na vikosi vyao vidogo vya namna hiyo. Kazi zao zilikuwa zile ambazo hakuna mtu anayezitungia wimbo: kufagia mabomu ya baharini katika njia ya kuingilia bandarini, kuisimamisha kila meli inayokuja na kuiuliza ni nani, kulinda magati usiku, kupeleka huku na kurudisha kule. Kufagia mabomu, hasa, ni kazi ya ajabu. Unapita njia ile ile asubuhi na kesho yake tena, ukivuta waya, ukitafuta kitu ambacho pengine hakipo, na siku ukiacha kutafuta ndiyo siku meli itakayolipuka. Ukifanikiwa, hakuna kinachotokea. Nadhani ndiyo sababu wazee wa kazi hii hawana hadithi: hadithi inataka kitu kitokee.

Hapa niingize kichekesho kimoja. Jeshi la Wanamaji la Uingereza lina desturi ya kuzipa kambi zake za nchi kavu majina ya meli, kana kwamba zinaelea. Kituo chao cha Kilindini kiliitwa HMS Tana. Uwanja wao wa ndege Tanga ulikuwa HMS Kilele. Na Nairobi, karibu kilomita mia tano kutoka baharini na zaidi ya mita 1,600 juu yake, kulikuwa na HMS Korongo, karakana ya kutengenezea ndege za wanamaji. Baharia wa kambi hizo akitoka getini kwenda mjini alisema anashuka pwani, na akichelewa kurudi ilisemwa amepeperuka, kama mashua iliyokatika kamba. Unaweza kucheka, lakini ndani ya kichekesho hicho mna ukweli kuhusu jeshi lolote la baharini: sehemu kubwa yake haielei. Kwa kila mtu aliye nyuma ya mzinga kuna msururu wa waoka mikate, makarani, mafundi cherehani, wapakuaji na wasoma simu, na wengi wao wako nchi kavu.

Sasa ile skuli.

Allidina Visram ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara mashuhuri mwenye jina hilo, mtu wa Kachchh aliyefungua maduka kutoka Pwani hadi Uganda. Mwaka 1942 serikali iliitwaa, wanafunzi wakapelekwa kwingine, wakaingia wageni. Watu wa mjini waliwaona ni mabaharia wasiopanda meli. Babu aliwaita makarani. "Makarani wa skuli," alisema, "hawajui kuogelea hata mmoja." Sijui alijuaje.

Makarani wale walikuwa Ofisi ya Pamoja ya Mashariki ya Mbali, idara ya siri ya Uingereza ya kunasa na kufumbua simu za Wajapani, yaani ujumbe wao wa redio. Ilikuwa ofisi ya wakimbizi. Ilianzishwa Hong Kong mwaka 1935, ikahamia Singapore 1939, ikatoroka kwenda Colombo Wajapani walipokaribia, na baada ya Pasaka ile ikapakia tena makabati yake melini na kuja kufungua mizigo Mombasa. Fikiria vitabu vya namba, kadi kwa maelfu, mashine za kuhesabu, vyote vikishushwa Kilindini na makuli wasiojua, na wasiotakiwa kujua, kwamba wamebeba mgongoni siri kubwa kuliko mzinga wowote uliokuwa bandarini.

Kazi ilianza na masikio. Mabaharia wa simu ya upepo, na pamoja nao wasichana wa Kikosi cha Wanawake cha Wanamaji waliofika na ofisi kutoka Colombo, walivaa visikizio na kutafuta mawimbi ya Wajapani. Wajapani hawakutumia alfabeti ya Kizungu tu kwenye Morse, zile alama za nukta na mistari za kupigia simu. Walikuwa na Morse yao iliyofuata silabi za lugha yao, alama zaidi ya arobaini mahali pa ishirini na sita. Mwingereza aliyejifunza Morse kwao alilazimika kuanza upya. Na hakuhitaji kujua Kijapani. Wengi wao hawakukijua. Aliandika alichosikia, herufi baada ya herufi, kundi la namba baada ya kundi, saa nzima ya zamu, akampa mtu mwingine. Akirudi zamu nyingine anaandika tena. Hakuambiwa maneno yale yalisema nini wala yalimzamisha nani.

Mombasa ilikuwa mahali pabaya kwa kazi hiyo. Kutoka hapa hadi Singapore ni zaidi ya kilomita 7,000, na Tokyo iko mbali zaidi ya hapo. Mawimbi mengi yalifika yamechoka au hayakufika kabisa. Ofisi iliyozoea kunasa simu kwa wingi ikiwa Singapore na Colombo ilijikuta inapata kiasi kidogo, kilichojaa mapengo, na kila pengo katika simu ya siri ni shimo ambalo mfumbuaji anatumbukia. Usiku ulisaidia, kwa sababu mawimbi mafupi husafiri mbali zaidi jua likishazama. Kwa hiyo zamu ya maana ilikuwa ile ya saa ambazo mji mzima umelala, mbu wamepamba moto, na malaria ikichukua mmoja mmoja kutoka kwenye orodha ya zamu.

Pamoja na udhaifu huo, msikilizaji mzoefu alipata vitu viwili hata kama hakuelewa neno moja. Kwanza, chombo cha kupima mwelekeo kikisema simu inatoka upande gani, na kituo kingine mbali kikapima vilevile, mistari ikikutana kwenye chati unajua meli iko wapi. Pili, kila mpiga Morse ana mkono wake. Mmoja anakawia kwenye mstari, mwingine anakatisha nukta, na msikilizaji humtambua kama mji unavyomtambua mpiga ngoma kabla hajamwona. Meli ikibadilisha jina la siri lakini ikabaki na mpigaji yule yule, imejulikana.

Halafu yalikuja mafumbo yenyewe. Msimbo mkuu wa wanamaji wa Japani, ambao Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) waliuita JN-25, ulikuwa wa ngazi mbili. Ofisa alitafuta neno katika kitabu kikubwa, akalikuta na namba ya tarakimu tano. Kisha alichukua namba nyingine kutoka kitabu cha pili na kuzijumlisha, bila kubeba. Tuseme neno ni 48213 na ufunguo ni 57940. Nne na tano ni tisa, nane na saba ni kumi na tano, unaandika tano tu, mbili na tisa ni kumi na moja, unaandika moja, na kuendelea. Inayorushwa hewani ni 95153. Mpokeaji mwenye kitabu cha pili anaondoa ufunguo na kurudi kwenye 48213.

Mwizi wa siri anaingilia wapi? Wajapani walitaka kuwa na njia ya kujua kama namba imeharibika njiani, kwa hiyo kila namba ya kitabu cha kwanza ilichaguliwa iwe inagawanyika kwa tatu. Jumlisha 4, 8, 2, 1 na 3: unapata 18. Kilichowekwa kumlinda mpokeaji kikawa mlango. Mfumbuaji akikisia ufunguo, akauondoa kwenye simu nyingi, na namba zote zilizobaki zikagawanyika kwa tatu, anajua amekaribia. Zisipogawanyika, anatupa karatasi na kuanza upya. Sehemu kubwa ya kazi pale skulini ilikuwa hiyo: kutoa, kujumlisha tarakimu, kugawanya kwa tatu, kutupa. Hesabu ya darasa la nne, ikifanywa mara elfu, madarasani.

Lakini Mombasa inakumbukwa, na wale wachache wanaoikumbuka, kwa fumbo jingine. Meli za biashara za Japani, zilizobeba mafuta, mchele, bati na askari kutoka kusini, zilitumia msimbo ulioitwa JN-40. Wote waliougusa waliuchukulia kuwa ni ndugu wa JN-25: kitabu, kisha ufunguo wa kujumlisha. Wakaushambulia kwa njia hiyo na haukufunguka. Septemba 1942 Wajapani wenyewe wakafanya kosa katika kutuma, na kosa hilo likaangukia mikononi mwa wafumbuaji wawili wa Kilindini, John MacInnes na Brian Townend. Wakaona kwamba hapakuwa na kitabu cha kujumlisha hata kidogo. Kulikuwa na jedwali la jozi mia moja za tarakimu, kila jozi ikisimama badala ya kipande cha maandishi. Kisha tarakimu zote zilipangwa katika safu na kutolewa kwa nguzo, kwa mpangilio uliobadilika. Yaani tarakimu mbili za jozi moja zilitenganishwa, moja ikaenda huku na mwenzake kule. Ukijua hivyo, kazi inageuka: huhitaji kukisia maelfu ya funguo, unahitaji kuwarudishia wenza wao.

Ilipofika Novemba 1942 walikuwa wanasoma simu zote za zamani zilizokuwa zimerundikwa kabatini, na zinazoingia walizifumbua papo kwa papo. Katika majuma mawili yaliyofuata wakafungua misimbo mingine miwili, JN-152 na JN-167. Yote haya yalifanyika kwenye skuli iliyopokea mawimbi dhaifu kuliko yale ya Singapore na Colombo. Sina hakika kama kuna mahali pengine pwani yetu palipofanyika kitu kilichobadili vita ile kiasi hicho, na sijaona hata kibao.

Simu ya meli ya biashara haina fahari. Inasema: niko hapa, nitakuwa pale saa fulani, nimebeba kitu fulani. Kwa nahodha wa nyambizi hiyo inatosha. Japani ni visiwa, mafuta yake yalitoka mbali, na vita yake ilikuwa inapita katika matumbo ya meli hizo. Zaidi ya nusu ya tani za meli za biashara ilizopoteza zilizamishwa na nyambizi za Marekani, na nyambizi haiwezi kuisaka bahari nzima. Inataka kuambiwa ikasubiri wapi. Waliosaidia kuiambia ni pamoja na watu waliokuwa wanafukuza mbu Mombasa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kazi ya mbali na mapigano ni kazi safi. Simu ilitaja mahali na saa. Haikutaja waliofungiwa chini. Septemba 1944 nyambizi ya Uingereza, HMS Tradewind, iliipiga Junyo Maru karibu na Sumatra. Ilikuwa meli ya Kijapani, adui halali kwa kila sheria ya vita. Ndani yake walikuwamo mateka wa vita wa Washirika na vibarua wa Kijava waliochukuliwa kwa nguvu, na watu zaidi ya 5,000 walikufa. Vita ya baharini ilikuwa hivyo: anayepanga yuko mbali, anayerusha haoni, na anayezama hakuulizwa. Mtu wa penseli hatakiwi kujiona ameua, na hatakiwi pia kujiona hakuua.

Upande wetu nao ulilipa. Ofisi ya siri ilirudi Colombo mwaka 1943, na mwanzoni mwa 1944 kundi la manowari lilikuwa limehamia Ceylon pia. Kilindini ikabaki mlango wa kutokea: askari wa Afrika Mashariki waliokwenda Bama walipandia hapa. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kwenda Colombo, na ndani yake Khedive Ismail, iliyobeba watu zaidi ya 1,500: wanajeshi wa Kikosi cha Mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi, wasichana wa Kikosi cha Wanawake cha Wanamaji. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ilizama kwa dakika chache mno. Waliokufa ni 1,297. Wengi walikuwa vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliokuwa wanaiona bahari kwa mara ya kwanza.

Babu aliikumbuka ile meli. Hakudai kuijua siri yoyote. Alisema tu kwamba alipeleka watu kwenye meli nyingi wakati ule, na wa bara walikuwa wakishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, wakamuuliza bahari ina kina gani. Aliwajibu hapa si kirefu. Hilo ndilo lilikuwa karibu zaidi na hadithi ya vita aliyowahi kunipa, na alilitoa siku moja tu, nikiwa mtu mzima, tukiwa tunasubiri feri Likoni.

Usiri wa skulini ulilindwa kwa kiapo. Waliofanya kazi kama ile Bletchley Park, makao makuu ya wafumbuaji huko Uingereza, na vituo vyake hawakuruhusiwa kusema neno hadi miaka ya 1970, na wapo waliokufa wake zao hawajajua. Usiri wa babu haukuhitaji kiapo. Hakuna aliyemuuliza. Mtu wa skulini akifunguliwa mdomo baada ya miaka thelathini anapata waandishi wa historia mlangoni. Mtu wa tishari hana alichokatazwa kusema, kwa hiyo hana kinachosubiriwa. Naliona hilo ni dhuluma ndogo, si ya mtu fulani, ila ya namna tunavyopenda historia iwe na mlango uliofungwa ili tupate raha ya kuufungua. Kwenye kumbukumbu za Kilindini utakuta jina la MacInnes na la Townend, na wanastahili. Aliyewaletea maji hayumo.

Ambacho babu alikizungumza bila kuombwa, na kwa sauti, ni bei. Makuli wa Mombasa walikuwa wamegoma Agosti 1939, mwezi mmoja kabla ya vita kuanza, kwa sababu ya mishahara na kodi za nyumba. Vita vikaleta manowari, manowari zikaleta watu, watu wakapandisha bei ya kila kitu, kutoka unga hadi chumba cha kulala Majengo. Wafanyakazi wa reli na wengine wakagoma tena 1942, manowari za Somerville zikiwa bandarini. Serikali iliyaona ni makelele wakati wa vita. Kwa babu hayo hayakuwa mambo mawili tofauti. Mji ambao ulikuwa unapokea mabaharia kwa maelfu, alisema, uliwaambia wale wanaowahudumia walale kwa zamu kitanda kimoja.

Alivua sare, akarudi bandarini, safari hii akiwa kibarua wa gatini. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, reli, mahoteli na majumbani, waliacha kazi, na kwa siku kumi na mbili hakuna meli iliyopakuliwa. Matishari yalifungwa yote. Wakakutana uwanjani kila siku, na hapo likatokea Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, ambalo Chege Kibachia alikuja kuliongoza. Babu alikuwa uwanjani. Habari za siku zile alizisimulia kwa mpangilio, nani alisimama wapi, nani alitoa chakula, tajiri gani alifua nguo zake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Alikuwa anacheka hadi anashika mbavu. Wazee wa Bama, ambao wengi wao nao walikuwa wamerudi na kukuta hakuna kazi wala ardhi, ndipo waliponyamaza wakamsikiliza yeye.

Mishahara ikaongezwa kidogo baada ya baraza la usuluhishi. Kibachia alikamatwa Agosti mwaka huo huo na kuhamishiwa mbali huko Baringo. Kikosi cha babu kikabadilishwa majina mara mbili, kikawa Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Afrika Mashariki, kikavunjwa 1962. Yeye hakurudi kujiandikisha, ingawa walimwita. Alisema mshahara wa gatini sasa ulikuwa mkubwa kuliko wa sare, na kazi ni ile ile.